Gobori la Azariah

Lilifika kwa lori la vifurushi, limeviringwa shuka la kitanda
na kamba ya kuanikia nguo.
Shangazi Tryphena alikufa mwezi wa tatu, akaniachia mimi,
niliyehama Ghuba ya Fortune nikiwa na miaka kumi na tisa,
nisiyethubutu hata kuua panya.
Nililaza mezani, jikoni. Meza haikutosha:
mdomo ulivuka ukingo ukalielekea friji,
kitako kikaning'inia upande wa dirisha
na theluji ikawa inachungulia.

Tulikua na hadithi yake.
Azariah Pardy, baba wa babu yetu, alimpokonya ofisa Mfaransa
usiku, kwenye barafu, kwa mikono mitupu,
na chale kumi na moja za kitakoni
ni Wafaransa kumi na mmoja.
Kila Krismasi hesabu ilipanda.
Chale zilibaki zile zile; Wafaransa ndio walioongezeka.

Nilimwita Bwana Lundrigan, mstaafu wa forodha.
Alikuja na kurunzi, mafuta ya kitani,
na miwani miwili, mmoja juu ya mwingine.
Hadithi hakuiuliza. "Kwanza tumpime tumbo," alisema,
akatelezesha mdeki ndani, akatia alama kwa kidole gumba,
akautoa, akaulaza juu ya mtutu kwa nje.
Shubiri moja haikufika.

"Limeshiba."
Akaligeuza polepole, friji likaokoka.
"Lilikuwa limetundikwa wapi?"
Juu ya mlango wa jiko, nikamwambia.
Chini yake tulilala watoto saba kila baridi ilipozidi.
Mama alilipangusa vumbi Jumamosi,
akilipapasa shingo kama farasi.

Alimimina maji ya vuguvugu mtutuni, baruti ilewe mpaka kesho,
ndipo akaanza kusoma.
Fimbo mbili za kifalme zimepishana, taji juu, herufi V:
"Birmingham. Ufaransa halikuwahi kuiona.
V ni kwamba limekaguliwa."
Namba kumi na mbili: risasi za duara kumi na mbili
za upana wa tundu hili hutimiza ratili.
Kwenye bamba la mtambo, matundu matatu yaliyozibwa,
makovu.
"Lilizaliwa gumegume, likazeekea fataki.
Yaliletwa kwa makasha. La sili, la bata.
Kila nyumba ilikuwa nalo."

Nilikasirika kwa niaba ya Wafaransa.

Kesho yake alifunga kizibuo kwenye ncha ya ufito, akazungusha, akavuta.
Katani ilitoka, ikinuka lami bado.
Marisau, yameota ukungu mweupe.
Kisha karatasi, imekunjwa ikakunjika tena.
Mwisho uji mweusi, vidole vinne;
kwetu baruti hupimwa kwa vidole.

Karatasi tuliifungua kwa kibano, juu ya sahani:

*…dy, Azariah
molasi, galoni 2
unga, pipa 1
bunduki ndefu, 1*

Bei imeliwa na baruti.
Chini, kwa mkono mwingine: *salio*.
Palipostahili neno *amelipa*
pana doa la kutu.

"Ukurasa wa daftari la duka," alisema Bwana Lundrigan,
akivua miwani wa kwanza, "hautoki dukani wenyewe."

Dawa ya deni kulipa. Najua.
Mwingine hulishindilia mtutuni,
akaongeza marisau juu yake,
akalitundika mlangoni, akalala.

"Na chale?" niliuliza. "Ni miaka? Ni mapipa ya samaki?"
Alizipitia kwa ukucha, moja moja, kumi na moja.
"Chale hazina muhuri wa kiwanda."
Akanitajia thamani yake sokoni.
Ilizidi kidogo nauli ya lori.

Usiku nilimpigia kaka yangu Hedley.
Nilikuwa nimeipanga habari yote: Birmingham, makovu, ukurasa.
Nyuma yake wajukuu walikuwa wakipiga kelele,
akawanyamazisha, akaweka simu wasikie wote.
"Haya, mwenye bunduki. Wafaransa wangapi?"

Nikaitazama sahani.

"Kumi na wawili," nikasema.